Pua ya Eilert

Mume wangu hanusi.
Miaka thelathini na mmoja ya chumba cha mitambo,
kwenye feri za Bodø, ilimnyang'anya pua
ikamwachia umbo lake tu,
kama kitasa kwenye mlango uliozibwa kwa matofali.

Ndiyo maana siku tuliponunua mashua hii ya tanga,
kuukuu, jina limebanduka nusu,
alishuka ngazi, akapanua kifua, akasema:
Solfrid, hewa humu ni safi.

Safi!
Mkate wa Jumatatu, Jumanne una ladha ya oili.
Nywele zangu, oili.
Zaburi za mama zimenatana
kuanzia ya ishirini na tatu hadi ya arobaini.
Na dukani, kwenye foleni ya jibini,
mjukuu wa Torgeir akauliza kwa sauti yake yote:
Kwa nini huyu bibi ananuka kama trekta?
Watu wakawa na haja ya ghafla
ya kusoma bei za viazi.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Changu kilikuwa kwenye sweta, kwenye soksi,
mpaka kwenye leso ya kanisani.

Nikamwambia. Akasema ni bahari.
Nikamwambia tena. Akasema ni umri.
Mara ya tatu sikusema.
Nilitoa foronya nyeupe, ya harusi yetu,
yenye herufi mbili alizodarizi dada yake,
nikaifunga kwa uzi kwenye ule mpira mweusi
ambako tumbo la injini hupumulia,
tukavuka Vestfjorden bila upepo,
saa kumi, injini ikikohoa chini ya miguu.

Tulipofika niliitandaza mezani, kando ya kikombe chake.
Doa la hudhurungi, pana kama sahani.
Limemeza E. Limebakiza S.
Aliitazama kama mtu aliyepewa
picha ya mapafu yake mwenyewe.

Hakusema samahani. Alisema:
Nipe spana ya kumi na tatu.

Mvua siku nne, naye kichwa ndani, makalio nje.
Gasketi ya ekzosi ilitoka nyeusi upande mmoja, kama ukoko.
Akaosha chupa ya samaki wa siki, mara mbili,
akatoboa kifuniko matundu mawili,
akaishindilia sufi ya chuma:
mvuke uingie huku, uache mafuta yake humo,
utoke kule, upande kwa mpira mpya
hadi kwenye mdomo wa kuvutia hewa,
injini imeze pumzi yake yenyewe.
Akabandika sponji kuzunguka mlango wake.
Akafunga feni, ndogo kama kiganja, ya kupulizia nje.
Mimi nikapiga magoti na matambara,
nikifuta uvunguni oili ya watu watatu
waliomiliki mashua hii kabla yetu.

Kiini hasa ni ringi, akasema kutoka gizani.
Zimelika. Pete hazibani tena ndani ya silinda,
moshi unapenya kando.
Akanyamaza. Pete yake yeye iko kwenye droo
tangu vidole vilipovimba.
Utazibadilisha?
Msimu ujao, akasema,
vilevile anavyosema kuhusu goti.
Sikubishana.

Sasa kila baada ya saa ishirini namwaga chupa:
kijiko kimoja na nusu cha weusi.
Naandika kwenye daftari la safari,
kati ya upepo na ushuru wa bandari.

Jana tulitia nanga nyuma ya kisiwa, injini ndiyo kwanza imezimwa.
Akafungua kabati lake, akainama,
akavuta hewa kwa nguvu, tena, tena,
kama anayebisha hodi kwa jirani aliyekwishahama.
Akanigeukia.
Niambie, akasema.

Nikafumba macho nikavuta.
Dizeli, kidogo tu. Mpira mpya.
Sufu iliyolowa, hiyo ni wewe.
Na kahawa, Eilert,
kahawa inafurika, wahi.